Simba Jike Aliyesuguliwa kwa Majivu

Hezekiah Wamalwa alishuka kwenye treni pale Molo saa tatu asubuhi, kikapu kifuani, amekikumbatia kwa mikono miwili, na watu wakampisha wakidhani amebeba mayai. Hayakuwa mayai. Ndani ya kikapu, ndani ya blanketi lililokunjwa mara tatu, alikuwamo simba jike wa kauri nyeupe, urefu wake shubiri moja na nusu, mtoto wake amebanwa chini ya mguu wa mbele. Alifinyangwa Uchina, yeye na dume mwenzake, kabla babu wa babu yake Hezekiah hajazaliwa. Wiki saba zilizopita Hezekiah alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba simba huyo ni wa bandia. Kwa sababu ya maneno hayo machache, msichana aliyempenda kuliko alivyojipenda, na tukumbuke kwamba alijipenda sana, alikuwa ameitwa mwizi.

Alikuwa karani wa nyumba ya mnada pale Nakuru. Wazungu waliohama au kufiwa walileta vyombo vyao, naye Hezekiah ndiye aliyevipima, akavitazama chini na juu, akaviandikia maelezo ili wanunuzi wajue wananunua nini. Kazi hiyo ilimpa shati jeupe lenye mikono mirefu iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na kiburi cha kutosha watu wawili. Bwana Tindall, mwenye nyumba ya mnada, alikuwa na kitabu kimoja kinene cha vyombo vya Kichina. Hezekiah alikisoma mara mbili akaona amemaliza Uchina yote.

Juzi Bwana Tindall alimwambia amrudishie Memsahib Pelham, mwenye simba wale, takataka yake, maana kitu cha bandia hakiuzwi kwenye mnada wake. Njia ya kwenda kwa memsahib ilikuwa ya kushoto. Hezekiah alifika njia panda, akasimama kidogo, kisha akashika ya kulia, ile inayopanda kuelekea Sachangwan.

Alimkuta yule msichana, Chepngeno, kwenye shamba la pareto, katikati ya wanawake wengine sita, wote wakichuma maua na kuyatupa kwenye makapu yaliyofungwa kiunoni. Baridi ya huko juu ilikuwa bado haijaachia. Mwezi wa tatu alikuwa msichana wa nyumbani kwa memsahib, amevaa kitambaa cheupe kichwani, anatembea kwenye sakafu iliyopakwa nta. Sasa alikuwa na gunia mabegani na vidole vimekuwa vya manjano. Hezekiah aliona vidole vile kabla ya kuona uso.

"Jambo, Chepngeno."

"Bwana karani." Hakuinua kichwa. Zamani alimwita Karani tu, kwa kumtania, na neno hilo lilikuwa tamu kuliko jina lake la ubatizo.

"Nimekuja tuongee."

"Ongea. Mikono ndiyo ina kazi. Masikio hayana."

"Hapa? Mbele ya watu?"

Wanawake walikuwa wamenyamaza wote, kila mmoja akichuma ua lilelile alilokwisha kulichuma. Chepngeno alinyoosha mgongo polepole.

"Kwani siku ile uliongea wapi? Memsahib alikuwepo. Bwana wako alikuwepo. Mpishi Ogola alikuwepo. Ulisimama katikati ya sebule na karatasi yako, ukasema, huyu ni wa kweli, huyu ni mpya, mtu amebadilisha. Memsahib akaniangalia mimi, maana ufunguo wa kabati ni mimi niliyekuwa nakaa nao miaka sita. Hukuona haya siku ile. Leo ndiyo unaona haya?"

"Leo ndiyo," alisema Hezekiah.

Alipiga magoti kwenye udongo, suruali yake nzuri na yote, akakifunua kikapu. Simba jike alipotokeza kichwa, macho yamemtoka, meno nje, nywele za shingoni zimejikunja, mkono wa Chepngeno ulimfikia kabla ya mwenyewe kuukubalia. Alimgusa kichwani. Kisha akaurudisha mkono haraka na kuufuta kwenye gunia.

"Umemleta kufanya nini?"

"Nilikosea. Huyu ni wa kweli. Ni wa kweli sawasawa na mwenzake."

Hezekiah akaendelea mbio, akiogopa kwamba akinyamaza hatapata tena ujasiri.

"Nilikuwa namfunga ili nimrudishe. Nikaingiza kidole kwenye lile shimo la chini nimshike vizuri. Ndani kuna alama, Chepngeno. Alama za vidole. Yule fundi alichukua udongo akausukumiza ndani ya kalibu kwa kidole, nusu huku, nusu huku, akaziunganisha. Kila aliposukuma pakabaki kishimo. Hawa wanaotengenezwa siku hizi, udongo unamiminwa kama uji, ndani panakuwa laini kama kikombe. Nikakimbia stoo nikamleta yule dume mwenye mpira. Vidole ni vilevile. Kuna kidole gumba kimoja…"

"Chenye ukucha uliopasuka," alisema Chepngeno.

Hezekiah alimgeuza simba akalitazama lile shimo la chini.

"Upande wa kulia, karibu na mgongo," aliendelea. "Kwa dume uko juu kidogo. Nimewaosha kwa maji matupu kila Jumamosi miaka sita. Ukiosha kitu chenye shimo si unaingiza kidole? Ule ukucha naujua kuliko kucha zangu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulifungua kitabu."

Hakuisema kwa ukali. Angeisema kwa ukali ingekuwa nafuu. Hezekiah alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni, naye alikuwa mtu wa kujisifu kwamba haoni aibu kwa urahisi. Miezi mitatu alikuwa akija kwa memsahib kila Alhamisi kuandika vyombo, na miezi mitatu msichana huyu alimletea chai kwenye ngazi za jikoni wakaongea habari za watu na za mvua. Alimweleza mambo mengi kuhusu Uchina. Hata mara moja hakumuuliza yeye, aliyewashika simba wale kwa mikono yake, anajua nini.

"Kuna kitu kingine," alisema, sauti imeshuka. "Ndani nilikuta majivu. Na kipande cha gunzi la mahindi kimenaswa pale mtoto anapokaa. Mimi nilisema ni mpya kwa sababu chini yake palikuwa peupe, pasafi, na chini ya mwenzake ni peusi kwa uchafu wa miaka. Kitabu kinasema uzee unaonekana chini. Kumbe alisuguliwa. Ni wewe ulimsugua. Memsahib alipokuuliza kwa nini mmoja ni safi na mwingine ni mchafu, ungesema tu, nilimsugua mimi. Kwa nini ulinyamaza?"

Mara hii Chepngeno ndiye aliyebadilika uso. Aliwaangalia wenzake, akafungua kapu kiunoni, akaliweka chini.

"Njoo huku," alisema.

Walisimama kando ya ua wa miti ya kaiyaba, mahali upepo ulipochukua maneno usiyapeleke kwa wachumaji. Chepngeno alikuwa anautazama ule ua, anachuma majani yake madogo, anayavunja.

"Unakumbuka siku ya kwanza ulipomshika huyu simba?"

"Nakumbuka."

"Hukumbuki. Ulimwinua, ukamweka kwenye mkono, chini yake pakaacha alama nyeusi kwenye shati lako. Hapa." Alimwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, juu kidogo ya kiganja. "Ukaangalia. Ukacheka. Ukasema, huyu mama hajaoga tangu atoke Uchina. Memsahib akacheka. Bwana Tindall akacheka sana. Mimi nilikuwa nimesimama pale na trei."

Hezekiah alikumbuka. Alikumbuka alivyofurahi kumchekesha Bwana Tindall.

"Nilikuwa natania tu."

"Nani alikuwa anamuogesha? Si mimi? Nilitaka kuingia chini ya meza. Hiyo wiki yote sikulala vizuri. Jumatano, kabla urudi, nilichukua majivu jikoni na gunzi nikamsugua chini mpaka mkono ukauma. Nilisema moyoni, kesho karani akimshika, shati lake litabaki jeupe. Yule dume hukumshika, kwa hivyo sikuwa na haja naye." Alitupa jani. "Sasa umejua. Ningemwambia nini memsahib? Ati nilimsugua kwa ajili ya shati la karani? Mbele ya Ogola, ambaye ni mzee wa kanisa letu? Msichana ambaye hajatolewa posa, anasimama mbele ya watu anasema anampenda mwanamume ambaye ndiyo kwanza amemwita mwizi?"

Hezekiah alishindwa kumtazama. Kama ardhi ingefunguka pale chini ya kaiyaba angeingia mwenyewe bila kusukumwa. Aliuona mpango mzima sasa: msichana anasugua, anatabasamu peke yake jikoni, anasubiri Alhamisi, na yeye Alhamisi anaingia, anamgeuza simba juu chini, anakuta usafi uliofanywa kwa mapenzi, na kwa usafi huohuo anamhukumu. Machozi yalimjia na hakuyaficha.

"Chepngeno. Nisamehe."

"Ogola alipeleka habari kanisani," alisema, kama hakumsikia. "Nimetolewa kwaya. Nakaa kiti cha nyuma na wale waliotengwa. Mama anasalimia watu, hawamwitikii. Baba alikuwa anasoma maandiko kila Jumapili. Tangu siku hiyo hajaingia kanisani, anasema hawezi kusoma mbele ya watu binti yake akiwa nyuma."

"Nitarekebisha. Leo hii. Nitakwenda kwa memsahib nimwambie ni mimi niliyekuambia umsugue. Nitasema ilikuwa amri ya ofisi. Hakuna mtu atakayejua mambo ya moyo wako. Aibu yote nitaibeba mimi."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Chepngeno alimwangalia machoni. Macho yale, aliyokuwa ameyaota wiki saba kwenye kitanda chake katika nyumba za reli, hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Siku ile ulisema uongo ukidhani ni kweli," alisema. "Sasa unataka kuusema ukijua. Sitaki. Nimechoka kusafishwa na maneno ya uongo na kuchafuliwa na maneno ya uongo. Njoo umwambie baba yale uliyoniambia. Baada ya hapo tutaona."

Mzee Kipkemei alikuwa mchungaji mkuu wa ng'ombe wa maziwa kwenye shamba lile, mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache. Walimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, akinoa kisu. Mkewe, Cherono, alikuwa mlangoni akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijiti kilichochomwa moto. Alipomwona Hezekiah, kijiti kilisimama ndani ya kibuyu.

"Huyu ndiye?" aliuliza mama.

"Ndiye," alijibu Chepngeno.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

Mama aliitikia kwa midomo. Mzee hakuitikia kabisa. Aliangalia viatu vya Hezekiah, akapandisha macho mpaka kwenye kola.

"Wewe ni mtu wa reli," alisema.

"Baba yangu ndiye wa reli, mzee. Anachochea makaa. Mimi ni wa mnada."

"Na nyumbani wanajua umekuja hapa?"

Mama yake, Milcah, alikuwa amemwambia wazi kwamba akileta binti wa watu wa ng'ombe, tena aliyefukuzwa kazi, asimlete kwa kupitia mlango wake.

"Wanajua, mzee. Hawajakubali."

"Hata mimi sijakubali," alisema Kipkemei. "Ni nini hicho kwenye kikapu?"

Hezekiah alimtoa simba akamweka mbele ya mzee, juu ya blanketi. Kipkemei alimwangalia kwa muda. Alimzunguka. Mara mbili katika maisha yake alikuwa ameamka akakuta ng'ombe ameraruliwa boma limevunjwa, na mara moja alikuwa amemwona mwenyewe aliyefanya kazi hiyo, uso kwa uso.

"Ni mnyama gani?"

"Simba, mzee."

"Huyu?" Mzee aliinama. "Aliyemtengeneza huyu hakuona simba hata siku moja."

"Ni kweli, mzee. Kwao hakuna. Walisikia tu habari zake."

"Na wewe mwenye kitabu, ulimwandika simba?"

Hezekiah alikiri, "Mara ya kwanza niliandika mbwa."

Cherono alicheka. Alijizuia kwa kiganja, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kutoka, na hata Chepngeno akageuza uso. Hezekiah alikaa pale masikio yakimwaka. Lakini kwa kicheko kile pumzi ilipata nafasi kidogo katika ua ule, akatoa karatasi mfukoni.

"Nimeandika upya, mzee. Kwa Kizungu, maana ndivyo inavyotakiwa, lakini nitasoma kwa Kiswahili." Alikunjua karatasi. "Simba wawili wa kauri nyeupe, wa Uchina, wa zamani. Dume ameshika mpira, jike ameshika mtoto. Wote wawili ni wa fundi mmoja, alama za vidole vyake ziko ndani. Ubavuni kila mmoja ana mrija mdogo wa kuchomekea kijiti cha ubani, maana waliwekwa mbele ya madhabahu. Rangi yao ni nyeupe ya maziwa. Chini hakukung'arishwa. Jike ni safi chini kwa sababu alisuguliwa na Chepngeno binti Kipkemei, aliyewatunza miaka sita bila kuvunja hata ukucha. Maelezo ya kwanza yalikuwa na kosa. Kosa ni la karani, H. Wamalwa."

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua karatasi ile, akaitazama ingawa hakujua Kizungu. Alitafuta kwa kidole mpaka akalipata jina la binti yake. Akalipita, akalipata la chini.

"Hili ndilo jina lako?"

"Ndilo, mzee."

"Na bwana wako ameliona?"

"Bado. Akiliona nadhani nitatafuta kazi nyingine."

Kipkemei aliirudisha karatasi. "Umesema alisuguliwa. Hujasema kwa nini."

Hezekiah alifungua mdomo, lakini Chepngeno alimtangulia. Alisimama wima mbele ya baba yake, mikono ya manjano imeshikana, akasema yote: shati, kicheko, majivu, gunzi, Alhamisi. Alisema akitazama chini, lakini hakuacha neno. Alipomaliza, mama yake alikuwa amekaa kizingitini, kibuyu mapajani.

"Wiki saba," alisema mzee taratibu. "Ulikubali kuitwa mwizi wiki saba, kuliko kusema hilo?"

"Niliona haya, baba."

"Na mimi je? Haya yangu hukuiona?"

"Niliiona," alisema, na sasa ndipo alipolia. "Kila siku niliiona."

Mzee aliacha kunoa. Alimgeukia Hezekiah, na sauti yake haikuwa ya hasira, ila ya mtu anayetaka kujua bei ya kweli ya ng'ombe.

"Nitakuuliza neno moja tu. Siku ile, pale sebuleni, bwana wako yupo, memsahib yupo. Huyu angesema, nilimsugua kwa ajili ya karani, ninampenda. Wewe ungesemaje?"

Hezekiah alijua jibu lililotakiwa. Alilijua na lilikuwa tamu mdomoni, tayari. Lakini alijiona tena siku ile, amesimama na karatasi yake, shati jeupe, Bwana Tindall akimpiga bega kwa kumsifu mbele ya wageni. Alijua yule mtu wa siku ile angefanya nini.

"Ningemkana, mzee," alisema. "Ningesema simjui. Ningesema msichana wa nyumbani amejipendekeza. Nadhani hata ningecheka."

Chepngeno aliacha kulia. Alimwangalia kama mtu anayeangalia kidonda kilichofunguliwa, akageuka, akaingia ndani ya nyumba.

Hezekiah aliona mambo yamekwisha. Alimfunga simba blanketini, akakiinua kikapu, akawaaga wazazi kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa amefika langoni aliposikia hatua nyuma yake. Chepngeno alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu, mikono ameiosha mpaka imekuwa myekundu, ingawa umanjano ulikuwa umebaki.

"Unakwenda kwa memsahib?"

"Nakwenda."

"Nakwenda na wewe. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, Ogola akisikia. Wewe utakuwa umesimama hapo. Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Kama siku ile imekwisha."

Kofia mkononi, Kipkemei aliungana nao. Alisema yeye haingii tena kwenye baraza ya memsahib, atasubiri kwenye lango kubwa. Walitembea saa nzima, vilima viwili, mzee mbele, binti katikati, Hezekiah nyuma na kikapu chake. Mara moja tu, kwenye utelezi wa mtoni, Chepngeno alinyoosha mkono akapokea kikapu ili Hezekiah avuke, kisha akamrudishia.

Memsahib Pelham alikuwa barazani katikati ya masanduku yaliyofungwa kamba. Ogola mpishi alikuwa akimsaidia kufunga sahani kwenye magazeti. Alipomwona Chepngeno akipanda ngazi, memsahib alisimama.

"Huyu nataka nini hapa?"

"Memsahib, uliniuliza swali," alisema Chepngeno. "Kwa nini mmoja safi na mwingine mchafu. Leo nimeleta jibu." Alikaza sauti. "Nilimsugua mimi, na majivu. Huyu karani alichafua shati, nikaona haya. Sikutaka achafue tena. Nilimsugua kwa sababu nilikuwa nampenda."

Ogola aliacha sahani hewani. Memsahib alimtazama Chepngeno, akamtazama Hezekiah, mtu nadhifu wa Nakuru, mwenye kalamu mbili mfukoni, na kona ya mdomo wake ikainuka.

"Karani? Na hii msichana ya jikoni?" Alicheka kidogo. "Yeye nasema uongo, ndiyo? Sema tu, karani. Mimi hapana kasirika na wewe."

Njia ilikuwa wazi, imefagiliwa. Neno moja, na angerudi Nakuru na kazi yake, na heshima yake, na shati lake. Alimwona Chepngeno pembeni mwake hamwangalii, anatazama mbele tu, anasubiri kama alivyosubiri siku ile.

"Si uongo, memsahib," alisema Hezekiah, kwa sauti ambayo ingesikika mpaka jikoni. "Alimsugua kwa ajili yangu. Na mimi nampenda. Nilikuwa mjinga mwenye kitabu, nikamwita mwizi mtu ambaye hakuiba hata kijiko. Ingiza kidole hapa chini, memsahib, uguse alama za vidole vya fundi, ni zilezile za yule dume, kisha mwandikie Bwana Tindall umwambie karani wake ni nani."

Memsahib aliingiza kidole. Alikaa nacho ndani muda mrefu, na kile kicheko kikafifia usoni polepole, shavu moja kisha la pili, mpaka akabaki mzee, mjane, amesimama kati ya masanduku. "Pole," alisema, kwa sauti ndogo, bila kusema anampa nani. Ogola aliweka sahani chini. Alivua kofia yake nyeupe ya jikoni, akamwambia Chepngeno kwamba Jumapili atasimama mwenyewe mbele ya kanisa aseme hakuiba, na kwamba hajui atakavyosimama.

Chepngeno aliteremka ngazi, akashika njia ya changarawe, hatua zake zikaongezeka mpaka zikawa karibu mbio. Hezekiah alimfuata kwa mbali, mikono mitupu. Langoni Kipkemei alikuwa amesimama vilevile, kofia kifuani, akiutazama uso wa binti yake ulivyokuwa ukija, akijaribu kuusoma.

"Baba," alisema Chepngeno, na pumzi ikamkatika, "hakukana."